Dakika Mbili za Gitaa: Wasifu wa Marehemu Chiriku

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Chiriku, aliacha agizo moja kuhusu wasifu huu: ule wimbo wake uliododa usirukwe. Alisema watu wameuruka kwa heshima zaidi ya miaka thelathini, na mzigo wa heshima hiyo umebebwa na mtu mwingine. Kwa hiyo utasemwa, na utasemwa mahali pake.

Alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1957, katika hospitali ya wilaya ambako mama yake alikuwa mfuaji. Baba yake alishona viatu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Utoto wake aliupitisha katika chumba cha kufulia, kati ya marundo ya mashuka na mashine tatu zilizonguruma kutwa. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto yule hakufundishwa kuimba. Alikuwa akijitahidi tu kusikika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Mwalimu wake wa darasa la tatu, baada ya kumhamisha dawati mara nne bila kumpata jirani asiyeweza kupiga naye soga, ndiye aliyempa jina la Chiriku. Sekondari aliiacha kidato cha pili, mwaka 1973, macho ya baba yake yaliposhindwa kuona sindano.

Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika idara ya maji. Mchana alichapa barua za malalamiko ya mabomba, jioni aliimba katika bendi ya ukumbi wa jirani. Kati ya mwaka 1977 na 1985 alitoa vibao saba, na hakuna aliyeketi hapa asiyeweza kuimba walau kimoja. Katika vyote saba sauti yake inaingia kabla hujavuta pumzi. Kampuni ya santuri ilitaka hivyo, naye alitii.

Tarehe 14 Agosti 1982, katika ofisi ya msajili wa ndoa, aliolewa na mpiga gitaa wake. Walijaliwa binti mwaka 1983 na mtoto wa kiume mwaka 1985.

Wimbo wa nane, “Benchi la Kungojea”, ulirekodiwa Aprili 1986. Unamhusu mwanamke anayesubiri kuitwa. Marehemu alikuwa amechoka wakati huo. Alikuwa ananyonyesha na kusafiri na bendi kwa pamoja. Studioni alimwambia mumewe apige gitaa peke yake dakika mbili nzima kabla ya sauti.

“Mke wangu,” mumewe alimwambia, “mtangazaji wa redio hajui kukaa kimya. Ukimpa dakika mbili, atazijaza.”

“Nani kakuuliza habari za watangazaji? Miaka yote naingia mbio kama nafukuzwa na mbwa. Safari hii na wao wanisubiri. Piga gitaa, baba.”

Akapiga. Santuri ilitoka mwezi Juni. Watangazaji, ambao kwa desturi yao huzungumza mpaka mwimbaji aanze, walipata uwanja ambao hawakuwahi kupewa. Juu ya gitaa lile walisoma salamu za wasikilizaji, bei za mazao na taarifa za watu waliopotea. Chiriku alipofungua kinywa, saa ya habari ilikuwa imewadia. Wimbo ukakatwa siku baada ya siku, hata nchi nzima ikaujua bila kumsikia akiimba. Zilitengenezwa santuri elfu ishirini. Zilizouzwa hazikufika elfu mbili. Gazeti moja liliandika kwamba gitaa limemmeza Chiriku.

Meneja wa kampuni aliwaita wote wawili ofisini. Aliuliza swali moja: dakika mbili zile zilikuwa wazo la nani? Marehemu alitazama sakafu. Mumewe akasema, “Langu.”

Hakuna studio iliyomwita tena mpiga gitaa huyo. Alifungua kibanda cha kutengeneza redio, akakaa humo miaka ishirini na sita, na wateja walimtania usoni: “Mzee, hii usiipigie gitaa, itengeneze tu.” Alicheka nao. Marehemu aliendelea kuimba hadi mwaka 1999, na hakuwahi kuwasahihisha.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2015. Mara mbili kwa wiki alikaa saa nne kwenye kiti cha kusafishia damu, mumewe pembeni na gazeti lake. Siku moja, Februari mwaka huu wa 2019, muuguzi aliyeupata wimbo ule kwenye simu alikuja mbio.

“Mama, kumbe hii ina maneno! Nyumbani tuliiita nyimbo ya salamu.”

“Ina maneno, mwanangu. Beti tatu.”

Muuguzi alipoondoka, marehemu alimgeukia mumewe. “Nitasema ukweli.”

“Umwambie nani? Waliosema wamezeeka. Wengine tumewazika.”

“Nitawaambia waliobaki.”

“Pumzika, mama. Mimi nilishazoea.”

“Ndiyo maana nitasema.”

Alimpigia simu mwandishi wa habari, naye alitaka kujua habari za magauni yake ya zamani. Akampigia wa pili, hakupokea. Ndipo alipomwita mdogo wake, anayesoma maneno haya, akamwamuru aandike: wazo lilikuwa la Chiriku, alionywa, akakataa, mumewe alisema “langu” ili mkewe aendelee kuimba, na mkewe alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Aliagiza yasomwe mumewe akiwepo, lakini asiombwe kusimama, kwa kuwa magoti yanamsumbua na hapendi kutazamwa.

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha binti, mtoto wa kiume, wajukuu watano, wadogo watatu, na mume, mpiga gitaa, ambaye hakukosea.

Marehemu alikuwa amechoka sana. Mungu ampe mapumziko ya amani.