Njugu Nilizoficha Ndani ya Unga

Wamama wenzangu wa chama, mniruhusu niongee nikiwa nimeshika hii pakiti. Nikiiweka chini nitakaa bila kumaliza.

Mnanijua. Mimi ndiye mama wa unga wa uji hapa Kiganjo, na hata Ruiru walikuwa wananiagiza. Nilikuwa nawaambia ni wimbi, mtama na soya kidogo. Lakini utamu wake ulitoka kwa njugu nilizokaanga nikasaga pamoja, na hiyo sikumwambia mtu. Kwa pakiti niliandika jina la unga na namba ya simu, basi. Niliambiwa sheria inataka kila kilicho ndani kiandikwe. Nikacheka! Nikasema hiyo ni ya viwanda vikubwa. Mimi nikiandika, jirani yangu ambaye pia anauza unga ataiga, nitauzia nani?

Siku moja mama mmoja akaja dukani. Akaniuliza, "Mama, huu unga uko na njugu? Mtoto wangu akila njugu anashindwa kupumua." Na yule jirani alikuwa hapo hapo akinunua sukari, masikio wima. Nikajibu, "Zii, hakuna njugu, ni wimbi na mtama tu."

Mtoto alikunywa uji asubuhi. Hawakufika hospitali.

Ndugu zangu, nawaambia, nilienda matanga nikaosha vikombe siku nzima, kwa sababu sikuweza kuketi na watu. Nikafunga duka. Mwishowe nikaenda kwa huyo mama, nikamwambia ukweli. Akasema, "Nilikuuliza. Nilikuuliza na mdomo wangu."

Tulienda pamoja kwa afisa wa afya, nikakiri yote. Korti ilinihukumu, na ilikuwa haki. Nilipomaliza adhabu nilitaka kuacha kusaga kabisa. Yule mama ndiye alikuja na kalamu. Akasema, "Fungua. Lakini uandike."

Nawashukuru nyinyi mlioniletea chakula wakati wengine walipita mbali na mlango wangu. Namshukuru yeye, yuko hapa leo. Hajasema amenisamehe, na sijamuuliza.

Nyinyi mnaopika vya kuuza, mandazi, keki, chochote, msifiche kilicho ndani. Anayeuliza si lazima awe anataka kuiba biashara yako.

Someni hapa juu, herufi kubwa: INA NJUGU. Maneno mawili tu. Ningeyasema siku ile, mtoto wake angekuwa ameanza shule mwaka huu.