Mwalimu Aliyeomba Radhi Mbele ya Darasa

Marehemu Felicitas Panes Dumancas alizaliwa tarehe 12 Mei 1951 huko Miagao, mkoani Iloilo, mtoto wa tatu wa Mzee Silverio, mkulima wa mpunga, na Bibi Consorcia, mfumaji.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Miagao, na mwaka 1973 akahitimu shahada ya fasihi. Mwaka uliofuata alianza kufundisha chuo kikuu, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na miwili.

Julai 1986, mwanafunzi wake Rodel Escanlar alisoma shairi kwa lafudhi ya milimani. Mwalimu akamwigiza, darasa zima likacheka. Rodel akaacha kuja darasani. Baada ya wiki mbili Mwalimu alipanda jipni, gari la abiria, hadi kwao, akamkuta na mama yake wakianika mpunga.

"Nimekuja kumwomba radhi mwanao."

"Mwalimu, si angevumilia tu? Huyu naye ana moyo wa karatasi."

"Hapana, mama, kosa ni langu. Rodel, njoo Jumatatu. Nilikucheka mbele ya watu, nitakuomba radhi mbele ya watu."

"Na wakicheka tena?" Rodel aliuliza.

"Watanicheka mimi."

Jumatatu hiyo, Rodel akiwa ameketi darasani, Mwalimu alisimama akayasema. Hakuna aliyecheka. Tangu hapo hakumkatiza mwanafunzi yeyote akisoma. Bi. Nenita Sumagaysay, aliyekuwepo siku hiyo na sasa ni hakimu, alituambia juzi hapa msibani: "Mashairi mengi nimeyasahau. Lakini nilijifunza kuwa mkubwa anaweza kukosea, akakiri, na asipungukiwe na kitu. Nikiwa mahakamani nalikumbuka hilo."

Tarehe 9 Februari 1980 alifunga ndoa na Crisanto, fundi saa. Alisema alimpenda kwa kuwa husikiliza saa kwanza ndipo aifungue.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alinituma mimi, binti wa kaka yake, niandike wasifu huu.

"Usinichonge kama sanamu ya kanisani. Ya Rodel uyaweke."

"Shangazi, jamani, hayo ni ya kusoma kaburini?"

"Yaweke. Safari hii sitakuwepo kuyasema mwenyewe."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Machi 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Amparo na Silverio, wajukuu watatu, na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu.

Bwana ampokee Mwalimu wetu, ampe pumziko lenye amani.