Vidole Saba vya Jenerali Tao

Ndugu Jenerali Tao Zhenyue, naibu gavana wa mkoa wetu, anastaafu Jumamosi, tarehe 31 Machi 1984, baada ya miaka hamsini na minne ya utumishi. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekuwa karani wake tangu 1973. Wiki iliyopita nilijivunia jambo hilo. Leo naona aibu kutia sahihi yangu chini yake.

Aliingia Jeshi Jekundu akiwa na miaka kumi na minne, mtoto wa mfinyanzi, kwa sababu, asemavyo mwenyewe, jeshini kulikuwa na wali. Alivuka milima ya theluji kwa viatu vya majani alivyosuka mwenyewe. Huko waliwahi kuhesabu watu vibaya wakamwacha mwenzao, na tangu hapo Jenerali hakubali basi la kazini liondoke kabla hajatuhesabu mmoja mmoja. Siku moja akakuta mtu mmoja kapungua, akatushusha wote tumtafute. Aliyepungua alikuwa dereva, naye alikuwa ameketi kwenye usukani.

Mikutanoni hutafuna pilipili mbichi ili asisinzie, na husinzia vilevile.

Mwaka 1967 alishtakiwa kuwa adui wa mapinduzi, akavikwa kofia ya karatasi ya kumfedhehesha, akatembezwa mitaani, kisha akapelekwa kufuga nguruwe miaka sita. Hata hayo mnayajua. Msilolijua ni sehemu yangu katika hayo.

Kwetu mtu haoni jalada lake, ila mwandishi wa wasifu hufunguliwa la mstaafu apate tarehe sahihi. Jumatatu Mama Xue wa masijala aliniletea. Ndani nikakuta barua ya 1967 iliyomponza, ikidai kwamba milima ile aliivuka juu ya farasi, askari wakifa, yeye akatoka na vidole vyake vyote kumi vya miguu, hata kimoja kisikatwe na baridi ya theluji. Niliutambua mwandiko kabla sijafika kwenye sahihi. Ni wangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nikaandika niliyoyasikia kwa watu, na siku zote niliamini barua ile ilichomwa.

Kilichonipiga butwaa ni maneno ya pembeni. Aliyaandika yeye mwenyewe kwa penseli mwaka 1973, alipoonyeshwa mashtaka yake ayajibu: "Mwandiko safi. Aletwe ofisini kwangu."

Nilimwendea na jalada mkononi.

"Mkuu, ile barua..."

"Ehee! Umeifikia leo? Miaka kumi na moja nakungoja, Geng Mdogo. Nilidhani utakuja kukiri mwezi wako wa kwanza kazini."

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Nimfukuze nani, nimbakize nani? Ofisi nzima iliandika. Yako tu ndiyo iliyosomeka."

Kisha akavua soksi, zote mbili. "Hesabu."

Nilihesabu huku nikilia. Vilikuwa saba.

"Basi rekebisha. Kwa maandishi."

Ninarekebisha. Jenerali Tao alivuka milima ya theluji kwa miguu yake, akaacha huko vidole vitatu. Aliyeandika uongo ni mimi, Geng Boyan, karani. Mama Xue, tafadhali uingize ukurasa huu jaladani, juu ya barua ile.

Asante, Mkuu, na unisamehe. Jumamosi basi litakapokupeleka nyumbani, sisi ndio tutakaosimama mlangoni kuhesabu, na tutaona aliyepungua ni nani. Tunakuombea uzee wa raha, pilipili kali, na miguu yenye joto.