Kata ya Mnazi Ndani ya Giaboksi

Sogeeni, wanangu, mniinamie, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Kanze, niinue kichwa kidogo. Karisa, kaa hapo miguuni. Miguu yenyewe haina habari nawe. Na wewe Kenga, kifunguamimba wangu, uliyefika jana kutoka Malindi ukanipa shikamoo kizingitini kama mgeni wa kupita, simama hapo hapo ukitaka, ila usiondoke kabla sijamaliza.

Shamba hili la Magarini ligaweni mafungu matatu sawa, na Kanze apate lake kama kaka zake, asije mzee yeyote wa ukoo akaleta maneno. Minazi ya upande wa kisima ni ya Karisa, aliyeipanda. Lakini trekta ya babu yenu, ile aliyoinunua shamba la mkonge lilipofungwa, ni ya Kenga. Karisa, usinune, nisikilize kwanza, ndipo unune.

Mwajua wote yaliyotokea miaka kumi na miwili iliyopita. Mvua za masika zimekaribia, na mikono ya nyuma ya trekta ikakataa kuinua plau. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikaikuta oili nyeupe kama tui. Maji yameingia. Na nani aliyeivusha trekta mto Sabaki wiki ile? Kenga. Nikamsimamisha mbele ya wazee, nikasema ameiua mali ya babu yake kwa uzembe, nikaapa asiiguse tena maadamu mimi ni hai. Alinijibu neno moja tu: "Baba, maji hayakufika hata kwenye ekseli." Nikamwita mwongo. Akashika njia, akawa fundi wa magari ya watu huko Malindi, na mama yenu Kahonzi akafa akimtazamia. Siku ya mazishi alikuja, akatupa udongo wake, akarudi zake bila kulala.

Sasa nisikieni. Babu yenu kila tulipoanza kulima alimimina kata ya pombe ya mnazi chini, kando ya gurudumu, akiwataja waliotangulia. Nami nikafuata. Ila ujanja wangu, wanangu, ujanja wangu huu! Nilijiambia, kazi yote inafanyika tumboni, kwenye giaboksi. Waliotangulia wakinywea nje kuna faida gani? Nikawa nafungua kifuniko cha oili, namimina kata nzima ndani, kofia nimevua kwa heshima. Kila msimu. Na trekta hii ya zamani, oili ya giaboksi na ya haidroliki, ile inayoinua mikono ya nyuma, ni ile ile moja, ikichafuka huku imechafuka kote.

Aliyenifumbua macho ni marehemu fundi Awadh, miaka mitano baadaye. Alitoa oili kidogo akaitia chupani, akainusa, akanitazama kwa huruma. Akasema, "Mzee Ngumbao, mimi ni Mwislamu, pombe siionji, lakini hii hata mimi naijua. Huu si mto." Alitaka aimwage yote, nikakataa, nikaogopa harufu itasikika na watu. Nikamwomba anyamaze, nikaifunika trekta turubai, nami nikanyamaza. Miaka saba, Kenga! Nambari yako ya simu Kanze aliniandikia kwa chaki mlangoni mwa kabati. Kila nikiitazama ulimi unakuwa mzito. Nimeogopa kuaibika mbele ya mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuka, siwezi hata kujigeuza ubavu.

Hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi, na nilijua.

Ningekuwa na mikono ningeifungua mwenyewe, ukaona. Sina. Kwa hiyo nakuomba, sikuamuru. Iko nyuma ya jiko, mahali tambarare. Usiiwashe kwanza, imelala miaka, maji yametuama chini, yatatangulia kutoka. Fungua bolti zote tatu za chini, si moja. Chujio lioshe kwa dizeli. Tia oili safi mpaka alama ya juu, iwashe, inua mikono ishushe mara kadhaa, zima, upime tena. Ukilima siku chache, badilisha tena, maana tumbo lililozoea kunywa halisafiki mara moja. Wayajua haya kuliko mimi... basi tu, nilitaka nikwambie jambo moja la kweli.

Mkinizika, mnazi wangu mwageni chini. Chini, mmesikia?

Kwa desturi ya kubariki ningewapulizia maji kifuani, lakini mdomo hauna nguvu. Kanze, chovya kidole kikombeni, uwapake nduguzo kwa niaba yangu, nawe ujipake. Mlime, mvune, mle pamoja. Jifya moja haliinjiki chungu. Mwana wenu asije akaogopa kuwaambia ukweli, nanyi... nanyi msimwogope yeye.

Mbona mlangoni hapana mtu? Kanze, Kenga ameondoka?

Nyamazeni. Hiyo ni spana, nyuma ya jiko. Bolti ya katikati, ile yenye kutu, naijua inavyolia. Karisa, mpelekee beseni. Harufu ikiwajia... mwambie ni yangu.

Msimwite. Sina la kumdai. Acheni... acheni itone mpaka iishe.