Ukali wa Mzee Sakalia Umekwenda Wapi?

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwafukuza watu kwenye njia ya ndege, Mzee Sakalia Lotolua anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye ninayerithi king'ora chake. Niseme mapema: kila nikianza kumwandika, najikuta naandika watu wawili tofauti.

Wa kwanza mnamjua. Kisiwa chetu ni chembamba, na mahali pekee palipo wazi ni njia ya ndege, kwa hiyo jioni kijiji kizima huwa pale: wachezaji wa ano, mchezo wetu wa kurushiana mipira miwili, na mipira yao ya majani ya mkadi, vijana na pikipiki, kina mama na mikeka na mito, na nguruwe wasio na mwenyewe. Ndege ya kutoka mji wa Suva ikikaribia, Mzee Sakalia alipiga king'ora, akashika kipaza sauti, na hapo hakuna aliyesalimika. "Wewe Lilieta, huo mto unamwekea rubani? Ondoka!" Lilieta ni mkewe. Mchungaji naye aliambiwa, "Mchungaji, mbinguni kuna njia nyingine, siyo hii!" Watu walimkasirikia, lakini walitoka mbio. Miaka yote ile hakuna mtoto wala nguruwe aliyeguswa na gurudumu.

Wa pili alitokea miaka michache iliyopita, bila taarifa. Asubuhi moja aliingia ofisini akipiga mluzi. Akaniletea pulaka ya tui, yale magimbi yetu ya shimoni, akaniuliza mama yangu ameamkaje. Sote tulidhani amepewa habari mbaya hospitalini. Mama Lilieta alisema ni meno: yalikuwa yakimsumbua na sasa yameng'olewa. Mchungaji alisema ni maombi, hasa ya kwake. Muuguzi alisema wengi wakizeeka hasira hupungua, ni kawaida tu. Nikazidi kuchanganyikiwa, maana mama yangu mwenyewe, mcheshi wa maisha yote, sasa ananuna hata jua likichomoza. Sasa uzee unaleta nini hasa? Sijui, na nimeuliza wengi.

Shida ikaja kazini. King'ora kililia, na kipaza sauti kikasema, "Wapendwa, ndege hiyoo inakuja, tusogee kidogo jamani." Watu walimpungia mkono wakaendelea kucheza. Siku moja ndege ilibidi izunguke juu ya bahari ikisubiri tuamke. Mkuu wa kituo, Bwana Iosefa, akamwita. "Mzee, rudisha ukali wako, la sivyo unastaafu mwezi huu. Sitaki kuzika mtoto kwa sababu wewe una furaha."

Alijaribu kweli. Alikunja uso, akafoka, akaishia kucheka katikati ya maneno yake mwenyewe, na kijiji kizima kikacheka naye, kimelala pale pale. Nilimwonea huruma.

Kesho yake aliniachia king'ora, akaingia uwanjani kucheza ano, magoti yakimlalamikia. Nikajua amekata tamaa. Nilipopiga king'ora, aliidaka mipira yote miwili, mmoja kila kwapa, akaanza kuondoka nayo taratibu.

"We mzee, rudisha mipira!"

"Ifuateni!"

Wakamfuata wakimzomea, na kina mama nao wakabeba mikeka, wasije wakakosa ugomvi. Njia ikawa tupu, ndege ikatua. Amefanya hivyo hadi leo, na Bwana Iosefa hajagusia tena habari za kumstaafisha mapema.

Wiki iliyopita nilimuuliza ni kitu gani kilimbadilisha. Alinishangaa. "Nimebadilika? Niko vilevile, binti yangu. Zamani nilitaka mtoke, na sasa nataka mtoke." Niliandika hayo, nikayafuta, nikayaandika tena.

Juzi nilishika zamu yangu ya kwanza peke yangu. King'ora kililia, watu wakatoka, isipokuwa mmoja. Mzee Sakalia alikuwa amejilaza kwenye mkeka wa mkewe, mto kichwani, ananipungia mkono. Nilimwomba kwa adabu. Akapunga tena. Ndege ilishaonekana. Nilikikaza kipaza sauti mkononi, na ikatoka sauti ambayo sikujua kuwa ninayo:

"Sakalia! Huo mto unamwekea rubani? Toka!"

Mzee aliinuka, akakunja mkeka, akatoka pembeni kwa mwendo wa haraka ambao sijauona tangu nianze kazi. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata mjukuu.

"Haya," akasema. "Sasa naweza kwenda nyumbani."

Mpaka ninapoandika haya sijui kama nilikuwa na hasira au nilikuwa naogopa. Ninachojua ni kwamba sikukiachia kipaza sauti mpaka alipofika pembeni.

Mzee wetu, wenzako wote wa uwanja wanakushukuru, wale uliowafokea na wale uliowachekea. Tunakutakia uzee mwema, magoti mazima, na furaha hiyo hiyo tusiyoielewa. Njoo ucheze kila jioni, nafasi yako ipo.

Lakini king'ora kikilia, Mzee, tafadhali, utoke.