Gia ya Pili Mpaka Musoma

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu, hata zile ambazo watu wa Tarime wamezoea kunipa mimi. Nawasalimu ninyi mnaosoma na ninyi mnaosomewa. Mimi ni Marwa, dereva wa lori, mume wa Robhi, baba wa Chacha. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mwenye kalamu nzuri asinicheke. Wakati ule ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu.

Kabla Bwana hajanishika nilikuwa mtu wa majivuno. Sisemi nilijivuna bure, sababu zilikuwepo. Baba alikufa nikiwa bado nachunga ndama, nikajilea mwenyewe. Maksai wa kulima niliwafundisha mwenyewe, na watu walitoka mbali kuniletea wa kwao niwafundishe. Nyumba ya kwanza ya bati kijijini kwetu ni yangu mimi. Nilipokaribia miaka arobaini nikasema sasa nataka lori. Watu wakacheka sana. Wakasema mtu mzima hajifunzi kutembea upya. Nikawaambia ngojeni.

Aliyenifundisha ni Mzee Salehe, Mwislamu mtu wa pwani aliyehamia Tarime zamani, dereva wa tajiri mmoja mwenye duka. Nilianza kama utingo wake, mtu mwenye watoto wanne, napanda na kushuka, natia mawe chini ya matairi. Lori lenyewe lilikuwa la mgongo wazi. Nyuma ya kibanda cha dereva ni mbao tupu, hakuna ukuta wa kulia wala wa kushoto, ila kizuizi cha chuma hapo mbele basi. Mzigo ulikaa kwa kamba na kwa adabu ya dereva.

Alinifundishia kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku ya kwanza lori lilipochanganya mwendo nikasahau kabisa breki. Nikauvuta usukani kifuani kwa nguvu zangu zote na kulipigia lori mluzi, kama ninavyowasimamisha maksai. Tukaingia kwenye ua wa miiba. Watu waliokuja kuangalia walilala chini kwa kucheka.

Mzee Salehe hakucheka. Alinipangusa vumbi begani kama mtu anayempangusa mwanawe, akasema, "Bwana Marwa, huyu hana masikio."

"Nimeona, mzee."

"Ng'ombe wako anakujua, ndiyo maana anasimama. Hili halikujui wewe wala baba yako. Hili linataka mguu."

Nikajifunza mguu. Nikajifunza klachi, gia, kuteremka mlima kwa gia ileile ambayo ungepandia, kuendesha ukiukumbuka mkia na si kichwa peke yake. Nilijifunza haraka kuliko wote aliowahi kuwafundisha, alisema mwenyewe, muulizeni. Kule Musoma nilipata leseni mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza aliyenipima alikuwa na haraka zake. Jambo moja tu lilimshinda Mzee Salehe: kunifundisha kupitwa. Nikiona lori linataka kunipita damu ilinichemka. Alikuwa akiniambia, "Mwache apite, barabara haina mwisho." Nilimwitikia, "Ndiyo, mzee," huku nakanyaga mafuta.

Robhi alikuwa ameokoka mwaka mmoja kabla ya hapo. Aliniombea kila nilipoondoka. Mimi nilimwambia, "Wewe ombea mahindi. Lori lina dereva."

Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Nilikuwa nimeanza tu kusafiri peke yangu. Siku hiyo nilibeba ngozi kavu za ng'ombe kuzipeleka Musoma, nikapitia Mbalibali, nyumbani kwa wazazi wa Robhi. Robhi alikuwa huko siku ya tano akimuuguza mama yake. Nilimkuta mama mkwe wangu ana kichomi. Anapumua kama mtu anayepanda mlima, na yuko kitandani.

Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa kukaa mbali. Humtazami usoni, humshiki mkono, huketi naye. Nilikuwa na miaka kumi na mitano katika ndoa na sikuwahi kuuona uso wake sawasawa. Hata kusemeshana kulipita kwa Robhi. Basi mimi nikasimama nje karibu na ghala, yeye ndani, Robhi mlangoni katikati yetu.

"Mwambie mama nimekuja na lori, nimpeleke hospitali."

Sauti ikatoka ndani, inakatwakatwa na kikohozi. "Mwambie baba Chacha mimi sijafa."

"Mwambie mama ndiyo sababu nataka kumpeleka."

Robhi akasema, "Mmesikiana wote wawili. Mimi kazi yangu hapa ni nini?"

"Mwulize," mama akasema, "nitakaa wapi kwenye hiyo nyumba yake yenye magurudumu."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mlango wa kushoto wa lori haukuwa na kitasa, tuliufunga kwa kamba. Mgonjwa hawezi kuegemea kamba. Ndani angekaa katikati, paja kwa paja na mimi. Mama akasema afadhali afe na heshima yake. Mimi nami, nakiri mbele yenu, nilifurahi kwamba amekataa yeye, maana kuendesha na mama mkwe ubavuni nisingeweza, watu wangesema nini?

Kwa hiyo tukamlaza nje, juu ya ngozi, nyuma ya kile kizuizi cha chuma, tukamfunika blanketi na kumzungushia kamba. Robhi akakaa kando yake. Nami nikasema kwa sauti, ili kijiji kizima kisikie: "Mwambie mama nitaendesha hata asijue kama tumeondoka."

Robhi alinitazama tu. Ndugu zangu, mke akinyamaza namna ile, zima gari, ushuke.

Mimi sikuzima. Mpaka Kisaka nilikwenda vizuri. Pale watu walisimama kando ya njia kutazama lori, na nyuma yangu likatokea lori la dereva mmoja Mjaluo ambaye tulikuwa tukishindana kila safari. Akapiga honi, anaomba njia. Nikasahau nani yuko mgongoni kwangu. Nikakanyaga mafuta. Manyunyu yakaanza, nikakanyaga. Mvua ikawa mvua kweli, Robhi akagonga bati la kibanda kwa ngumi, nami nikajiambia nikivuka kijito tu nitasimama. Nilitaka kukivuka wa kwanza. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, sitawaficha.

Kijito nilikivuka. Ng'ambo kuna mpando wa udongo mweusi, na ule udongo ukilowa ni kama sabuni. Katikati ya mpando lori likazimika. Likaanza kurudi nyuma kuelekea majini.

Na mimi, dereva mwenye leseni, nikauvuta usukani kifuani na kupiga mluzi.

Ndivyo nilivyofanya. Mafunzo yote ya Mzee Salehe yalinitoka. Nikageuka kwenye kidirisha cha nyuma nikaona ngozi zimeteleza, na mama ameteleza nazo mpaka ukingoni, miguu yake imepita mbao iko hewani, na ile kamba imembana kifuani. Robhi ameshika chuma kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine ameshika nguo ya mama yake. Hakupiga kelele. Alinitazama kupitia kile kioo, akasema kitu ambacho sikukisikia, nikasoma midomo yake tu: "Baba Chacha."

Sikuwa nimewahi kuomba maishani mwangu. Nikasema, "Mungu wa Robhi, mguu wangu sina. Nisaidie mguu."

Sikuona mwanga, ndugu zangu, wala sikusikia sauti. Nisije nikawadanganya. Mguu wangu ulirudi kuwa wangu, basi. Ukaenda wenyewe ulipotakiwa kwenda, ukakandamiza breki taratibu, bila kushtua, kwa maana ningeshtua wangemwagika wote wawili. Lori likasita. Likasimama. Maji yalikuwa nyuma ya matairi hatua nne hivi.

Nikabaki nimekanyaga, siwezi kushuka. Nani aliyekuja? Ni yule yule Mjaluo niliyemnyima njia. Aliacha lori lake ng'ambo, akavua viatu, akavuka maji kwa miguu, akaweka mawe makubwa chini ya matairi yangu yote. Kisha akaja dirishani akaniambia, "Marwa, toa mguu sasa, limekaa. Nenda ukawaone watu wako."

Nilipanda nyuma. Mama alikuwa amelowa, na bado mwili unachoma kama chungu jikoni. Robhi alikuwa amelala juu yake kumkinga mvua. Nilipiga magoti kwenye zile mbao, na kwa mara ya kwanza nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Ni uso wa Robhi, umezeeka tu. Macho ni yale yale. Miaka kumi na mitano nilikuwa namwogopa mtu mwenye macho ya mke wangu.

Sikumwambia Robhi amwambie. Nikasema mwenyewe, "Mama, nisamehe. Nataka kukubeba."

Akavuta blanketi akajifunika uso, heshima yake. Chini ya lile blanketi akasema, "Beba."

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Nikamweka ndani, katikati, Robhi akakaa mlangoni akaiegemea kamba yeye. Nikawasha injini, yule Mjaluo akanisukumia mpaka juu ya mpando na watu wawili aliokuwa nao. Kisha akavusha lori lake, akaniuliza, "Nitangulie au unatangulia?"

Nikasema, "Tangulia, ndugu yangu." Alinitazama kama aliyeona lori linaongea.

Joto la injini lilianza kumtuliza mama, akasinzia, na kichwa chake kikaangukia bega langu la kushoto. Sasa wenye kujua lori wananielewa. Mkono wa kushoto ndio wa gia. Kila nikibadilisha gia, bega linashuka, kichwa kinaanguka, naye anaamka kukohoa. Nilijaribu mara moja, nikaona anavyoumia. Basi nikatia gia ya pili na kuacha mkono wangu umekaa. Sikuutoa tena.

Gia ya pili mpaka Musoma! Injini ililia njia nzima. Maji yalipochemka nilisimamisha penye mteremko ili nisihitaji gia ya kwanza kuondoka, Robhi akashuka kuongeza mengine, mimi sikuinuka kwenye kiti kwa sababu ya kile kichwa. Malori yalinipita, baiskeli mbili zilinipita, na mzee mmoja na punda wake alikaribia kunipita. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Marwa, leo umebeba mayai?" Robhi akaniangalia aone nitamjibu nini. Nilisogea kando nikampa njia. Robhi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mkono wake umeshika kamba ya mlango.

Nikamwambia, "Yale maneno yako ya wokovu, niambie tena. Polepole."

"Leo huendi mbio?"

"Niambie, mama Chacha."

Akaniambia. Aliniambia taratibu kama mtu anayemlisha mgonjwa, na mimi nikayarudia moja moja, macho yakiwa barabarani. Nikamtajia Bwana kiburi changu chote, hata kile cha siri ambacho Robhi alikuwa hajakijua, naye Bwana akasikia, na hakunitupa. Wengine waliokoka kanisani. Mimi niliokoka kwenye gia ya pili.

Tulifika hospitali jua likiwa linaelekea ziwani. Waliponitolea mama begani mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, haukuinuka hata kusalimia. Mama alilazwa juma la kwanza, la pili, la tatu. Mimi kila nikifika Musoma nilikaa nje chini ya dirisha lake, nikasikiliza anavyopumua. Juma la nne nikasikia anagombana na Robhi kwamba uji hauna chumvi. Nikajua Bwana amemrudisha.

Nyumbani kulikuwa na wazee walionung'unika kwamba nimevunja mwiko, nitoe mbuzi. Nilikuwa tayari kutoa, ninao mbuzi wazuri kuliko wao. Mama akawapelekea neno: "Waambieni mwiko ulivunjwa na kichomi. Wakamdai yeye." Mambo yakaisha hapo. Mpaka leo tunasemeshana kwa kupitia Robhi, yeye ndani na mimi nje, na ninaona ni sawa, maana heshima ni nzuri. Lakini wakati wa mavuno alinitumia kibuyu cha maziwa ya mgando na kusema apewe yule mwenye bega.

Mzee Salehe nilimsimulia yote. Akasema, "Mimi nilikufundisha lori. Aliyekufundisha kupitwa namshukuru." Hatusali msikiti mmoja wala kanisa moja, lakini siku ile tulishikana mikono kama watu wa nyumba moja.

Ndugu zangu, leo nina lori langu mwenyewe, na hakuna dereva kuanzia Tarime hadi Issenye anayefunga mzigo kama mimi. Hilo nalisema kwa shukrani, si kwa kiburi, na kiburi kikinirudia Robhi yupo. Kama una mgonjwa na unaliona lori langu, nyosha mkono, nitasimama. Lakini usingoje lori langu. Mtu yeyote aliyeshindwa na mguu wake mwenyewe, na nyumba yake, na moyo wake, amwite Bwana hapo hapo alipo. Usiogope kwamba hujui kuomba. Mimi sikujua hata nimwite nani. Nilimwita Mungu wa Robhi, naye aliitika.