Bi Mvuke Anaiacha Pasi

Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, Bi Mvuke anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha kufulia na kupigia pasi cha hospitali yetu. Alianza kwa kukunja mashuka, akapanda hadi kwenye pasi, na mwishowe akawa kiongozi wetu. Jina hilo tulimpa sisi. Yeye anaamini limetokana na ile pasi kubwa ya mvuke, nasi tumemwacha aamini.

Kazi yake haina ubishi. Shuka likitoka mikononi mwake limenyooka hata mgonjwa anaona haya kulilalia.

Lakini tusijifanye tumesahau miaka ile alipokuwa anakaribia hamsini. Hedhi yake ilianza kuja kama mgeni asiyebisha hodi: mara mbili ndani ya mwezi, halafu kimya. Siku chache kabla haijafika, chumba kizima kilinyata. Alifungua madirisha yote, akayafunga, kisha akauliza nani kayafunga. Alilia kwa ajili ya soksi ya mtoto iliyopotelewa na mwenzake. Matiti yalimuuma, usingizi ulimkimbia, jasho lilimtoka hata wakati wa mvua. Mume wake, mtu mpole, alihamia kwenye kochi baada ya kuchoka na blanketi linalotupwa na kudaiwa usiku huohuo.

Halafu ikaja siku ya makoti. Bi Mvuke, aliyetufundisha sote kutenganisha rangi, alitia pazia jekundu la ukumbini pamoja na makoti meupe ya madaktari. Yakatoka ya pinki. Madaktari wakazunguka wodini kama kamati ya harusi.

Sisi tulicheka. Yeye alivua aproni, akamwambia msimamizi kwamba anaacha kazi, kichwa chake kimemhama na hataki kuwaaibisha watu. Hakuwa anatania. Kidogo tu tungempoteza siku ile.

Bahati njema, muuguzi wa kliniki ya wanawake alikuwa amefuata mashuka. Alimkalisha juu ya furushi la taulo, akamweleza kwamba mwanamke akikaribia kukoma hedhi, homoni zake hupanda na kushuka bila mpangilio, na yale maudhi ya kabla ya hedhi yanaweza kuzidi kuliko ya ujanani. Si uchawi, si wazimu, na kliniki ina msaada.

"Dada, kichwa hakijakuhama," alimwambia. "Ni mwili unahamisha vyombo."

Bi Mvuke akafunga tena aproni, akaenda kliniki. Kesho yake alikuja na kibanio cha nguo kwenye kola. Akatangaza kwamba akikivaa, asiulizwe kitu mpaka amalize chai.

Hivyo ndivyo desturi yetu ilivyoanza. Mwenye kibanio hupelekwa kukunja foronya karibu na dirisha, wala hahojiwi. Mabinti wenye maumivu ya tumbo walikivaa, na mama waliokesha na vichanga walikivaa. Lakini aliyekivaa na kuanza kufokea wenzake alivuliwa palepale: kibanio ni cha kuomba nafasi, si ruhusa ya kutukana, na sheria hiyo ilimbana hata yeye. Msukuma toroli alipokivaa kwa sababu timu yake imefungwa, Bi Mvuke alikitoa kwenye kola akambana nacho sikio.

Miaka ikapita. Mwaka mzima ulipoisha bila hedhi, alitutangazia kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi, akakirudisha kibanio kwenye kamba. Kilistaafu kabla ya mwenyewe.

Ndiyo maana Jumatatu hii tulishtuka. Aliingia nacho kwenye kola. Pasi zote zikanyamaza. Mmoja wetu akavunja desturi, akamuuliza kama zile homoni zimerudi.

"Homoni zilishakwenda zake," akasema. "Leo ni nyinyi."

Tukamweka karibu na dirisha, tukampa foronya, na hakuna aliyemuuliza kitu tena mpaka alipomaliza chai.

Bi Mvuke, asante kwa kutunyoosha, mashuka na sisi. Nenda ukapumzike, na mzee wetu arudishiwe nusu yake ya blanketi. Tunakuombea siku njema na usingizi mzito. Na ukiamka na siku mbaya, bana kibanio uje. Nafasi ya dirishani ni yako.